Mshahara wa Hofu: dereva wa Mufindi angesemaje?

Kuna tukio moja la sinema ambalo dereva wa lori wa Mufindi angelielewa bila DJ wa kutafsiri wala maandishi ya chini. Lori limefika kwenye bonde lililojaa mafuta mazito yaliyovuja kutoka kwenye bomba. Dereva yuko kwenye usukani. Mwenzake, ambaye safari nzima amekuwa kama utingo wake, ametangulia kwa miguu ndani ya dimbwi hilo kupima kina na kuonyesha njia. Mguu unanasa, anaanguka mbele ya tairi, anapiga kelele. Dereva anamwona vizuri kabisa. Anajua pia kwamba akiachia pedeli lori litasimama, na likisimama hapo halitoki tena. Haachii. Tairi linapita juu ya mguu wa mwenzake.

Wasomi wa sinema wameliandika sana tukio hilo kama picha ya ukatili wa binadamu mbele ya fedha. Kwenye benchi la chai pale Igowole mjadala ungeanzia kwingine: alikuwa na njia gani nyingine? Mtu aliyewahi kuitoa Fuso yenye mbao mbichi kwenye tope la mwezi Machi anaijua kanuni. Ukishaingia, hubadili gia, hukanyagi breki, huangalii pembeni. Mabishano yangekuwa makali, na wengine wangemtetea dereva kwa sauti kubwa. Hapo ndipo filamu inapokubana, kwa sababu inakulazimisha ujue kwamba dereva ana hoja.

Filamu hiyo ni *Le Salaire de la peur*, yaani Mshahara wa Hofu, ya Mfaransa Henri-Georges Clouzot. Ilitoka mwaka 1953 kutokana na riwaya ya Georges Arnaud iliyochapishwa mwaka 1950. Mwaka huohuo wa 1953 ikatwaa tuzo kuu za Cannes na za Berlin, jambo ambalo ni nadra kwa filamu moja. Tangu hapo wengine wameitengeneza upya, na matoleo mawili ndiyo yanayowagombanisha watazamaji hadi leo: *Sorcerer* ya Mmarekani William Friedkin, iliyotoka Juni 1977, na lile la Julien Leclercq lililoingia Netflix Machi 2024 likiwa na jina lilelile la kwanza. Kila toleo jipya linapotoka, ugomvi ni mmoja. Wapo wanaosema la zamani halikupaswa kuguswa, na wapo wanaosema vijana wa leo hawawezi kukaa mbele ya picha nyeusi na nyeupe kwa saa mbili na nusu.

Ugomvi huo nimeuleta Nyanda za Juu Kusini kwa makusudi. Hii ni filamu ya barabara mbovu, mzigo hatari na watu wanaolipwa kidogo. Mtazamaji wa Paris anaitazama kama hadithi ya mbali. Wa Igowole yuko karibu nayo zaidi.

Igowole ni mji mdogo wa biashara wilayani Mufindi, mkoa wa Iringa. Ukiiacha barabara kuu ya Tanzania na Zambia pale Nyololo, unaingia kwenye nchi ya chai, misonobari, mikaratusi na mianzi ya ulanzi. Msitu wa Sao Hill, ambao ni shamba la miti la Serikali kubwa kuliko yote nchini, uko wilaya hiihii, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichoanza uzalishaji mwaka 1985 nacho kiko hukuhuku. Maisha ya hapa yanatembea juu ya magurudumu: magogo, mbao, nguzo za umeme, majani ya chai, mahindi, viazi. Masika barabara za vumbi hugeuka utelezi, na mwezi wa sita na wa saba ukungu hushuka hadi dereva akabaki kuona taa zake tu. Ukitaka kwenda Dar es Salaam unaishuka Kitonga kwa gia ndogo huku ukisikiliza upepo wa breki. Ukielekea Mbeya, kuna miteremko ambayo majina yake, Inyala, Mlima Nyoka, Iwambi, hutajwa kwenye taarifa za habari mara nyingi kuliko tungependa. Watu wa hapa hawahitaji mwongozaji wa sinema kuwaeleza uzito wa lori kwenye kona.

Wana pia desturi yao ya kutazama. Kwa miaka mingi filamu za nje zilitufikia kupitia kibanda umiza: mabenchi, televisheni moja, mlango wa turubai, kiingilio cha sarafu. Humo ndani DJ alizitafsiri muvi papo hapo, akiongeza chumvi yake. Lufufu wa Dar es Salaam alijulikana nchi nzima kwa sauti hiyo, na kanda zake zilifika hadi vijijini. Mtazamaji wa kibanda umiza hakai kimya kama aliye kanisani. Anamwonya mwigizaji, anamtukana adui, anabashiri kinachokuja, na dakika tano za mwanzo lazima aulize: steringi, yaani shujaa wa filamu, ni nani? Akishaonyeshwa, anatulia kidogo, maana sheria inajulikana. Steringi hafi.

Clouzot anaivunja sheria hiyo mapema, na kwa ujanja. Saa nzima ya kwanza hakuna lori linaloondoka. Tuko Las Piedras, mji wa kubuni Amerika ya Kusini (ulijengwa Camargue, kusini mwa Ufaransa, maana Clouzot hakuvuka bahari), na tunachokiona ni wanaume waliokwama. Walikuja kutafuta maisha, kazi hakuna, nauli ya kuondoka hawana. Wanakaa kwenye mkahawa, wanakopa kinywaji, wanagombana kwa mambo ya kipuuzi. Mario, anayeigizwa na Yves Montand, ana tiketi ya zamani ya treni za Paris anayoitunza kama hirizi. Kisha anashuka Jo, mtu mzima wa suti nyeupe, jambazi mstaafu anayetembea kama mwenye mji. Kila mtu anamwogopa. Ukiulizwa steringi, utamtaja yeye.

Nimesikia mara nyingi kwamba saa hiyo ya kwanza inachosha na ndiyo hasa inayohitaji kufupishwa. Sikubali. Pita Mafinga au Igowole asubuhi uangalie vijana walioketi juu ya magogo wakisubiri lori la kupakia, ambao hawajui kama leo watapata hela ya kula, halafu uniambie saa hiyo haina maana. Kampuni ya mafuta katika filamu inawachagua watu wa namna hiyo kwa hesabu ya wazi. Hawana chama cha wafanyakazi, hawana ndugu wa kudai fidia, wakilipuka hakuna wa kuuliza. Malipo ni dola 2,000 kwa kila mmoja. Bila kuijua njaa yao, hofu ya barabarani inabaki mchezo wa sarakasi. Wamarekani walioipokea filamu hii mwaka 1955 waliikata sana, hasa sehemu zinazoisema vibaya kampuni hiyo. Wakataji walijua sumu iko wapi.

Mzigo wenyewe ni nitrogliserini. Kisima cha mafuta kimeshika moto umbali wa kilomita karibu 500, sawa na kutoka Iringa mjini hadi Dar es Salaam, na dawa ya moto wa aina hiyo ni mlipuko mkubwa kuliko huo moto, unaousukuma mwali mbali na mafuta na kuunyima hewa hadi unazimika. Nitrogliserini iligunduliwa na Mtaliano Ascanio Sobrero mwaka 1847, naye mwenyewe akaiogopa. Mtikisiko mdogo unatosha kuilipua. Alfred Nobel alimpoteza mdogo wake Emil kwa mlipuko wake mwaka 1864, miaka michache kabla ya kuibuni baruti ya dinamiti iliyoifanya ibebeke. Katika filamu inabebwa vilevile ilivyo, ya majimaji, ndani ya madumu, kwenye malori ya kawaida yasiyo na vifaa vya kuzuia mtikisiko. Malori mawili, watu wanne.

Kuna kipande cha njia ambacho kila dereva wa barabara ya vumbi atacheka kwa kukitambua. Udongo umejipanga vijituta vidogovidogo, mgongo baada ya mgongo, kama bati. Juu ya njia hiyo una machaguo mawili: utambae kama mgonjwa, au ukimbie zaidi ya kilomita 60 kwa saa ili tairi ziruke kutoka mgongo hadi mgongo na gari litulie. Katikati ya mwendo huo na ule kuna mtikisiko, na mtikisiko ni kifo. Madereva wetu huifanya hesabu hiyo kila kiangazi kwa ajili ya springi na mayai ya abiria. Clouzot aliichukua kanuni inayojulikana na kila dereva duniani, akaiweka nyuma yake chupa ya nitrogliserini. Hakubuni chochote.

Na lori moja linapolipuka, hatulioni. Tuko kwenye lori jingine, nyuma. Jo anasokota sigara. Ghafla tumbaku inapeperuka kutoka kwenye karatasi mkononi mwake, kisha mwanga, kisha ngurumo. Watu wawili tuliowazoea wamekwisha, na ushahidi wa kwanza ni tumbaku iliyopeperuka. Nadhani ndiyo sekunde bora kuliko zote katika filamu za taharuki. Mwongozaji mwingine angetulipulia lori mara tatu kutoka pande tatu.

Lakini kinachoifanya filamu hii idumu ni Jo. Barabara inamla. Yule jambazi wa suti nyeupe, akishakaa dakika chache juu ya mzigo ule, anaanza kutokwa jasho, kutafuta visingizio, kushuka garini na kukimbia. Jean Gabin, nyota mkubwa wa Ufaransa wakati huo, alikataa nafasi hiyo kwa sababu hakutaka watazamaji wamwone akiwa mwoga. Charles Vanel akaichukua, na Cannes wakamtaja kwa heshima ya pekee. Mwanzo Mario alikuwa kama mwanafunzi na Jo mwalimu, na sasa kijana anamtukana mzee, anampiga, mwisho anamkanyaga na lori. Katika jamii yetu, ambako utingo humwita dereva wake "bosi" au "mzee" hata kama wamepishana miaka miwili, kugeuka huko kunauma zaidi kuliko mlipuko wowote. Mzee aliyeogopa hasemwi hadharani. Hapa anasemwa kwa saa moja na nusu, na bado unamwonea huruma.

Mwisho wa filamu ndio unaowagawa watazamaji kuliko sehemu nyingine. Mario amefika, amelipwa, sehemu yake na ya Jo. Anarudi na lori tupu. Redioni kuna muziki wa dansi wa Strauss, naye anayumbisha usukani kulia na kushoto kufuata mdundo, anacheka, hadi anatoka barabarani na kutumbukia korongoni. Tiketi ya Paris iko mkononi. Wengi wamelalamika kwamba ni mwisho wa kulazimisha: mtu aliyevuka vyote vile afe kwa upuuzi?

Mimi nasimama na Clouzot, na nadhani madereva wengi wa njia ya Mbeya wangesimama naye. Gari tupu ni hatari kwa namna yake. Linaruka, breki zake hazishiki kama likiwa na uzito, na dereva mwenyewe amelegea, fedha iko mfukoni, usingizi wa siku mbili unadai haki yake. Hofu ndiyo iliyokuwa ikimwendesha kwa uangalifu. Ikiondoka, naye anaondoka. Katika kibanda umiza kifo hicho cha steringi kingezua kelele na pengine kudaiwa kiingilio kirudishwe, lakini njiani kuelekea nyumbani mtu angekiri kwamba amewahi kumzika mtu aliyekufa hivyohivyo.

Miaka 24 baadaye akaja Friedkin. Alikuwa ametoka kufanikiwa na *The French Connection* na *The Exorcist*, studio mbili za Hollywood zikampa fedha, naye akazitumia. Alisisitiza kwamba hakurudia filamu ya Clouzot, bali alirudi kwenye riwaya ileile. Watu wake wanne wanatoka pembe nne za dunia, na kila mmoja amekimbia jambo: benki iliyofilisika Paris, bomu Jerusalem, wizi New Jersey, mauaji ya kulipwa. Hawajulikani kwa majina yao. Mvua hainyamazi. Roy Scheider anaendesha akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kufa zamani.

Kisha linakuja daraja. Kamba na mbao zilizooza juu ya mto uliofurika, lori linayumba hadi linakaribia kulala ubavu, utingo mbele akirudi kinyumenyume na kuongoza kwa mikono huku mvua ikimchapa. Karibu hakuna neno linalosemwa. Friedkin alijenga daraja hilo Jamhuri ya Dominika kwa dola zipatazo milioni moja, mto ukakauka kabla hajapiga picha. Akalihamishia Meksiko, akajenga upya. Hakukuwa na kompyuta za kuchora lori. Lori lilikuwa lori, maji yalikuwa maji, na waigizaji walikuwa juu yake. Kwa tukio hilo moja naweza kusema toleo la pili limelishinda la kwanza. Ukiangalia miguu ya yule aliye mbele, jinsi anavyotafuta ubao wa kukanyaga bila kuacha kumtazama dereva, unaona kazi ya utingo ilivyo hasa. Sijawahi kuona filamu nyingine iliyoiheshimu kazi hiyo namna hiyo.

Watazamaji wa mwaka 1977 hawakujali. Filamu ya vita vya nyota, *Star Wars*, ilikuwa imeanza kuonyeshwa mwezi mmoja kabla, na Marekani nzima ilikuwa imepanga foleni huko. Dakika za mwanzo za *Sorcerer* zilikuwa kwa lugha za kigeni, watu wakadhani wameingia ukumbi usio wao. Na jina! Mtu aliyetoka kutengeneza filamu ya mapepo anatoa nyingine inayoitwa Mchawi. Watu wakaja kuangalia uchawi, wakaonyeshwa malori. (Huku kwetu kosa hilo lingekuwa kubwa maradufu. Andika "Mchawi" kwenye ubao wa kibanda, kijiji kizima kinajaa, halafu uone kitakachokupata.) Filamu iliyogharimu zaidi ya dola milioni 20 haikurudisha hata nusu kwenye kumbi.

Maoni yalibadilika polepole. Roger Ebert, mhakiki aliyesomwa sana Chicago, aliiweka kati ya filamu zake bora za mwaka ule tangu mwanzo, lakini alikuwa katika kundi dogo. Friedkin alizishtaki studio ili ajulikane mwenye haki ya kuionyesha, nakala iliyosafishwa ikaonyeshwa Venice mwaka 2013, na kizazi ambacho hakikuwapo mwaka 1977 kikaipokea. Alipofariki Agosti 2023, wengi waliomwandikia waliitaja pamoja na filamu zake zilizoleta fedha. Hukumu ya wiki ya kwanza haikuwa ya mwisho.

Toleo la 2024 nalipitia haraka, kwa kuwa lenyewe lina haraka. Mahali ni jangwani, picha zilipigwa Moroko, rangi ni nzuri, magari ni makubwa na mapya. Halifiki saa mbili. Mzigo ni nitrogliserini ileile na kisima kinawaka vilevile, lakini kila baada ya dakika chache wanatokea watu wenye bunduki. Hapo ndipo kosa lilipo. Kama unaweza kufyatuliana risasi ukiwa juu ya nitrogliserini, ukakimbizana na pikipiki na kukata kona kwa kasi, basi nitrogliserini haiogopeshi tena, ni tangi la maji. Clouzot alitufundisha kuogopa jiwe la ukubwa wa ngumi lililo njiani. Leclercq anataka tuogope majambazi, na majambazi tumewaona kwenye filamu elfu moja. Wahakiki wengi waliipiga vibaya na watazamaji hawakuwa wapole zaidi. Dereva wa Igowole angeiacha ikicheza huku akiangalia simu.

Tusiwacheke Wafaransa peke yao. Lawama ya kukopi imeandama filamu za Bongo tangu zilipoanza kuuzwa kwenye kanda na diski, miaka ya 2000. Mussa Banzi alipotoa *Nsyuka* na *Shumileta*, watazamaji waliokuwa wamekunywa filamu za Nigeria walitambua mara moja harufu ya huko, na bado walizinunua na kuogopa, kwa sababu mizimu ilizungumza Kiswahili na nyumba zilikuwa za mtaani kwetu. Hilo halikuwa kosa. Kuazima ni kazi ya msanii yeyote. Aliyeazima vibaya ni Gus Van Sant, mwongozaji hodari kabisa, ambaye mwaka 1998 alirudia *Psycho* ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960 karibu picha kwa picha, pembe kwa pembe, kwa rangi. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa woga. Friedkin alibadilisha watu, nchi, mvua na mwisho, na woga ukabaki. Leclercq alibakisha jina.

Kwa hiyo swali la kama filamu ya zamani iguswe au isiguswe naliona la kivivu. Swali zito ni aliyeigusa anajua nini kuhusu jambo lenyewe. Na hapa narudi kwenye barabara inayopita Mafinga, Makambako na Mbeya, kwa sababu sisi tuna Mshahara wa Hofu wetu, uliotokea kweli, na hakuna aliyetutengenezea filamu kubwa ya hadithi juu yake.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia. Zambia ya Kaunda, yenye mwaka mmoja tu wa uhuru, ilikuwa ikipata karibu mafuta yake yote kupitia huko. Vilipowekwa vikwazo vya mafuta dhidi ya Smith mwezi uliofuata, naye akaifungia Zambia. Kwa miezi kadhaa ndege za Waingereza, Wamarekani na Wakanada zilibeba mapipa ya mafuta angani, jambo la gharama ya ajabu. Njia nyingine ilikuwa lori. Mapipa ya petroli na dizeli yalipakiwa Dar es Salaam, yakapita Morogoro, yakapanda Kitonga, yakavuka Iringa, Mufindi na Mbeya hadi Tunduma, kisha ndani ya Zambia hadi ukanda wa shaba, na malori yakarudi yamebeba shaba. Sehemu kubwa ya barabara hiyo ilikuwa ya udongo. Masika ilikuwa tope, kiangazi vumbi na yale mabati. Malori yalianguka, yalizama, yaliungua. Waandishi wa nje waliipa jina la safari ya jehanamu, na jina likashika.

Hali ilipungua makali Septemba 1968, bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilipofunguliwa. Lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Mwaka huohuo wa 1968 ndipo ilipoundwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Kamera zilikuwepo na kisa kilikuwa kinapita mlangoni. Tumebaki na kumbukumbu za mazungumzo: babu fulani aliyelala siku tatu chini ya lori Kitonga, fulani aliyeteremka na pipa linalovuja akiwa amezima hata sigara ya utingo.

Wala hatari hiyo haijawa historia. Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na waliokufa walizidi mia moja. Barabara ni ileile ambayo mapipa ya 1966 yalipita. Mwongozaji wa Kitanzania anayetafuta taharuki hana haja ya kuazima majambazi kutoka Hollywood wala kununua haki kutoka Paris. Anahitaji malori mawili ya zamani, mteremko, mvua, na watu wanne tuliopewa muda wa kuwajua kabla hawajawasha injini. Kama atatupa saa nzima ya kuwajua, nitaketi nayo.

Ila kwanza anahitaji kusikia kutoka kwa waliokuwepo. Dereva aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1966 sasa amevuka 80. Wapo bado, kati ya Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya na Tunduma, wamekaa vibarazani. Wanafunzi wa sanaa wa Bagamoyo na wa vyuo vikuu wanaotafuta mada, na wewe msomaji mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani, chukueni simu mkamrekodi mwaka huu: alibeba nini, alilipwa kiasi gani, utingo wake alikuwa nani, na wapi aliogopa zaidi.